Mshenga Aliyejiposea

Kofia ile ilikuwa ya Mjomba Hatibu.

Asmahani hakuhitaji kuishika. Tulimwacha kaganda kwenye mlango wa chumba cha nyuma cha Upesi Majina, duka jipya la Raskazone, macho yamemtoka. Juu ya meza ya wezi palikuwa na kofia ya viua. Kofia za viua Tanga hazina hesabu, lakini hii ilishonwa na marehemu mama yake Asmahani, Bi Mwanaima, na ua moja lilikaa kichwa chini kwa sababu siku ile Mwanaima alikuwa na homa, na alipopona akakataa kulifumua. Hapana kofia ya pili ya namna hiyo duniani.

Kofia ipo. Kichwa chake kiko wapi?

"Asmahani!"

Akageuka. Mjomba Hatibu alikuwa nyuma yake, kikombe cha kahawa mkononi, kipara kinang'aa.

"Shikamoo, Mjomba." Ulimi ulitangulia. Adabu ya nyumbani haingoji hasira.

"Marahaba, mwanangu. Wafanya nini kwenye pango la wezi?"

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe. Hadi kahawa wamekupa?"

Mzee akacheka. "Mwizi humjui mpaka unywe kahawa yake. Twende nje."

Kwa aliyejiunga nasi leo, asipate tabu. Asmahani binti Shaib huuza majina huko Ngamiani. Ni majina ya kwenye mtandao wa kompyuta, yale yanayoishia na nukta-pwani, ambayo mwenye mali huyatundika ili mnunuzi wa ng'ambo amfikie bila dalali. Majina yote yanatunzwa mahali pamoja, Bohari ya Majina, katika jumba kuukuu la Kijerumani hapo hapo Raskazone. Sheria ilikuwa moja tu: Bohari inatunza, haiuzi. Mawakala kama Asmahani wanauza, hawatunzi. Katikati pana Ukuta.

Na Ukuta ule uliwekwa na Hatibu.

Mliopanga foleni za sukari hamjamsahau. Miaka ile ya dhiki, sabuni kipande nyumba nzima, kulikuwa na meneja wa duka la ugawaji aliyegawa mlango wa mbele na kuuza mlango wa nyuma. Tulijua sote. Tulinyamaza sote. Ni Hatibu, kuli wa bandarini, asiye na cheo wala shahada, aliyepanda juu ya pipa la mafuta ya taa akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka: "Anayegawa asiuze! Anayeuza asigawe!" Wakamtia ndani. Alipotoka, mji ulimpokea kama bwana harusi.

Kwa hiyo ulipokuja huu unaoitwa uhuru wa soko, Bohari ikafunguliwa na mawakala wakaanza kuulizana nani atalinda Ukuta, hakuna aliyepiga kura. Walisema kwa kinywa kimoja: Mzee Hatibu. Kila ulizo la jina lipite machoni pake, asije mtu akadhulumiwa.

Sasa miezi hii majina yanaibwa. Wakala anaulizia jina leo, anaambiwa liko wazi. Kesho akienda kulichukua, anakuta Upesi Majina wamekwishalikalia, wanamuuzia mwenyewe kwa bei ya kumkomoa.

"Nimekuja kuwanusa," Mjomba alisema walipofika barabarani. "Nilikaa, nikajifanya mteja. Hawa wana mtu ndani ya Bohari, Asmahani. Mmoja wa wale vijana wa mitambo. Usimwambie mtu."

"Astaghfirullah, Mjomba. Mie nilifikiri..."

"Ulifikiri nini?"

Asmahani akaona haya. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake Shaib azame mkondoni Pangani. Huyu ndiye aliyemsomesha, akamkatia leseni, akamnunulia kompyuta ya kwanza. "Sikufikiri kitu."

"Basi nenda kazini. Jumamosi tuna kikao. Nitawanyoosha."

Akaenda. Na moyo wake, maskini, ukaenda umetulia.

*

Dukani alimkuta Bi Tabia.

Bi Tabia ni Mpemba aliyeolewa Pangani, mkuu wa wanawake wa Mwera wanaolima mwani. Mikono yake imepasuka kwa chumvi na kamba, na ulimi wake haujapasuka hata kidogo.

"Nawe watoka kutembea! Mie nimekaa hapa kama maiti asiye na wa kumzika."

"Nisamehe, shangazi. Jana uliniuliza jina la tatu..."

"Lishakwenda. Nimempitia Tadeo njiani, yule kijana wa Upesi Majina, kanichekea usoni. 'Mama, jina lako lipo kwetu, karibu.' Jina langu, kwake! Yakhe, mtu akikwibia mwana, akukaribishe ukamuone?"

Asmahani akakaa kitini. Majina matatu. Mnunuzi wa ng'ambo anakuja wiki ijayo, ameambiwa atawapata wanawake wa Mwera kwa jina lao. Asipowapata atarudi kwa walanguzi wa mwani, walewale wanaonunua kwa bei ya kuokota, na msimu mzima wa wanawake kusimama majini kiunoni utakwenda na maji.

"Tutafute la nne," alisema.

"La nne!" Bi Tabia akapiga makofi. "Wanangu watatu wamekufa, nawe waniambia nizae wa nne. Haya. Kwetu Pemba mama akifiwa hivyo, mtoto anayefuata humlaza jaani, kwenye takataka, jirani akajifanya kumuokota. Akamwita Jaani. Mauti yakipita yanaona jina baya, yanapita. Basi liandike hilo! Jaani! Tuone nani atalitaka."

Alisema kwa uchungu, si kwa shauri. Lakini Asmahani aliyekuwa amechoka aliliandika, akalituma Bohari. Laini ya simu ikalia kilio chake, jibu likarudi: liko wazi.

Liko wazi, lakini huwezi kulichukua siku hiyo. Kanuni ya Bohari inasema ulizo lazima lilale. Unauliza leo, unachukua kesho. Mawakala waliipenda kanuni hii, kwa sababu inafanana na posa. Kwetu Tanga mtu hapeleki posa asubuhi akaozwa mchana. Anatuma mshenga, anauliza kama binti ana mchumba, anaondoka. Watu wa nyumbani wanakaa, wanashauriana, wanaswali istikhara. Kuharakisha ni uhuni. Hata wateja wenyewe hawakutaka kununua jina siku moja, walitaka kwanza kwenda kumuuliza bibi.

Kesho yake asubuhi Bi Tabia alikuwa mlangoni kabla ya kufuli kufunguliwa.

"Enhe? Nalo wamelichukua?"

Asmahani akatazama. Akatazama tena.

"Lipo, shangazi. Limelala na limeamka salama."

Bi Tabia akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Hata wezi wamelikataa! Futa, mwanangu. Mie nilikuwa nabwata. Mnunuzi wa watu aambiwe mwani wetu watoka jaani? Tutachekwa na samaki."

Yeye alicheka. Asmahani hakucheka.

Maana aliona jambo. Majina mazuri matatu yaliibwa. Jina baya moja halikuguswa. Kwa hiyo mwizi hachukui kila kinachoingia. Mwizi anachagua. Kuna mtu anasoma maulizo na kusema: hili lina mwenyewe, hili ni upuuzi.

Vijana wa mitambo kule Bohari ni wageni, wametoka bara wengine. Watajuaje lipi wanawake wa Mwera wanalipenda na lipi hawalipendi?

Na kila ulizo hupita machoni pa Mjomba. Akajiambia: hapana. Akajiambia tena: basi jaribu, ili umsafishe.

*

Alimkuta Mjomba barazani kwake, baada ya laasiri, anapepea mkaa wa buli.

"Mjomba, nimekuletea habari njema. Mwera wamepata jina."

"Alhamdulillahi. Lipi?"

"Jaani."

Kipepeo cha mkaa kikasimama mkononi. "Jaani? Nililiona kwenye maulizo. Nilidhani ni mtu anafanya mzaha."

"Mzaha? Ni mila ya Kipemba, Mjomba. Wamefiwa na majina matatu, hili la nne wamelipa jina baya liishi. Wamekubaliana wote, wamesoma na dua. Bi Tabia anasema hilo hawaliachi hata kwa roho. Wamekwishamtumia salamu mnunuzi. Kesho mchana wanakuja kulichukua."

Uongo mtupu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna mwanamke hata mmoja wa Mwera aliyelitaka jina lile. Na uongo huu aliambiwa mtu mmoja tu chini ya jua.

"Watu na mila zao," Mjomba alisema, akarudi kwenye mkaa wake. "Kunywa chai, mwanangu."

Akanywa. Ilikuwa chai ya tangawizi, kama alivyoipenda tangu utotoni. Usiku ule aliomba jambo geni: aliomba aonekane mjinga. Aliomba jina libaki.

Asubuhi akafungua mashine.

Jaani limechukuliwa. Mwenye nalo: Upesi Majina.

Wasomaji, mtu akichomwa kisu na adui analia. Akichomwa na aliyemfundisha kutembea, halii. Anakaa tu, anaangalia mpini, anautambua mkono. Asmahani alikaa vile mpaka wateja wawili wakaingia na kutoka bila kuhudumiwa.

Kisha likamjia la pili, lililomuuma kuliko la kwanza. Kanuni ya ulizo kulala, nani aliileta? Ni Hatibu. Yeye ndiye aliyesimama kikaoni akasema, "Jina ni kama binti, ndugu zangu, haliozwi siku ya kuulizwa." Watu wakampigia makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Walidhani wanapewa heshima. Kumbe wanapewa usiku mmoja wa kuibiwa. Mshenga alichukua mila yetu nzuri akaigeuza mtego: wewe unakwenda kushauriana na nyanya yako, yeye anaingia ndani kwa mlango wa uani na kuposa mwenyewe.

Yule meneja wa sukari angalau hakutuita wanangu.

*

Jumamosi ukumbi wa Bohari ulijaa. Mawakala wa Tanga, wa Pangani, wa Muheza, kila mtu ana kidonda chake. Bi Tabia alikaa ubavuni kwa Asmahani, amemshika mkono. Asmahani alikuwa amemweleza yote njiani. Bi Tabia alizidisha tu kushika.

Mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti, Mjomba Hatibu. Kanzu nyeupe, kofia ya viua.

"Ndugu zangu," alianza, "wapo wanaotaka Ukuta uvunjwe. Ati Bohari nayo iuze, soko ni huria. Mie nasema, mwenye ghala akifungua duka, nyinyi wenye maduka mtakula mchanga. Ukuta hauvunjwi ng'o!"

Ukumbi ukalipuka. Mselem, wakala wa Muheza, mtu wa maneno, akapiga meza. "Sema, mzee! Fisi hapewi bucha!"

Asmahani akasimama.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nina swali. Mlinzi wa Ukuta akiwa na duka upande wa pili, huo bado ni ukuta au ni pazia?"

Ukumbi mzima ukamgeukia mwenyekiti.

"Fafanua, mwanangu," Hatibu alisema. Sauti haikutetereka.

"Jina la Jaani hakulitaka mtu. Lililala usiku mzima, halikuguswa. Juzi nilikwambia wewe, peke yako, kwamba wanawake wa Mwera wanalitaka. Asubuhi Upesi Majina wakawa nalo. Nani aliwaambia?"

Minong'ono. Mselem akageuza shingo, akamtazama mzee kama anayemwona leo.

Lakini Hatibu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama baba anayefedheheshwa na mwanawe mbele ya wageni.

"Nilitaka jambo hili niliue nyumbani," alisema. "Ni damu yangu. Lakini amelileta hapa mwenyewe. Ni kweli, ndugu zangu, kuna wakala mwenzenu anayeuza kwa milango miwili. Analia nanyi mchana, usiku anawala kupitia Upesi Majina. Nimemchunguza. Muiteni yule kijana."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Tadeo, meneja wa Upesi Majina, shati limepigwa pasi. Akapita safu ya kwanza, akapita safu ya pili. Akasimama mbele ya Asmahani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi."

Ukumbi wote ukasimama.

"Bosi nani?" Mselem alifoka.

"Huyu," Tadeo alisema. "Duka limeandikishwa kwa jina lake. Asmahani binti Shaib. Nendeni mkaulize kwa afisa biashara."

"Kumbe!" "Mwanamke kinyonga huyu!" "Kumbe mwizi ni yeye..." Mtu alitupa kalamu ikampiga begani. Asmahani alifungua mdomo kukana. Ndipo akakumbuka. Baba alipokufa, aliyeshika karatasi zake zote alikuwa Mjomba. Jina lake, saini yake, kila kitu chake kilikaa katika sanduku la Mjomba. Alimlea vizuri, alimvisha vizuri, na alipohitaji ngao alimchukua yeye.

Akikana, nani atamwamini? Shahidi wake ni nani, samaki?

Akamtazama Mjomba. Mjomba naye alimtazama, na katika jicho lile hapakuwa na chuki. Palikuwa na ombi. Nyamaza, mwanangu, yapite, nitakutunza. Na hilo ndilo lililomkata maini.

Asmahani akajifuta begani alipopigwa na kalamu. Akamgeukia Tadeo.

"Duka ni langu?"

"Ndiyo, bosi."

"Mbele ya watu wote hawa, unashuhudia kuwa mimi ndiye mwenye Upesi Majina?"

"Nashuhudia."

Ukumbi ukaguna. Alijua anachofanya. Akilikubali duka lile, leseni yake ya uwakala imekwisha leo hii, na Ngamiani nzima itamwita mwizi mpaka azikwe. Lakini majina ya wanawake wa Mwera yalikuwa ndani ya duka hilo, na mnunuzi yuko njiani.

"Sawa," alisema. "Nimekubali. Ni langu. Andikeni, nifukuzeni, halali yenu. Sasa, Tadeo, bosi wako anakuamuru. Mashine ya Bohari ile pale. Nenda ukarudishe majina yote matatu ya Mwera kwa Bi Tabia. Bure. Sasa hivi, hawa wanaona."

Tadeo hakwenda.

Alisimama, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha shingo yake, taratibu, kama shingo ya mtoto anayetafuta ruhusa ya mzazi, ikageuka. Ikampita Asmahani, ikazipita safu za mbele, ikaenda mpaka kwenye kiti cha mwenyekiti.

Watu mia wakafuata macho yale.

"Haa!" Mselem aliruka. "Bosi wako yuko huku, kijana! Mbona shingo imekwenda kule?"

Hatibu alitazama ukumbi, uso baada ya uso. Wengine walikuwa wana wa watu waliomchangia chakula alipokuwa ndani kwa ajili ya sukari. Mzee mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa.

"Mrudishie," Hatibu alimwambia Tadeo.

Tadeo akaenda mashineni. Vidole vikacheza. Jina la kwanza. La pili. La tatu. Ukumbi ukapiga mayowe, watu wakakumbatiana, na Asmahani machozi yakamtoka mwishowe, machozi ya moto.

"Umeshinda, mwanangu," Hatibu alisema. Aliongea kwa upole wa barazani, wa buli la chai, na watu wakanyamaza wamsikie. "Mie nimekwisha. La pili niliiba, la tatu niliiba, Jaani niliiba, na mengine yenu mengi. Mungu ananiona. Lakini jina la kwanza la Mwera sikuliiba."

"Mwongo!"

"Sina cha kuficha tena, Asmahani. Jina la kwanza sikulipata kwenye maulizo yako. Nilikwishalijua siku tatu kabla hujaliuliza. Niliuziwa, barazani kwangu, na mtu aliyejua wenzake wote wa Mwera watalililia. Ndiye aliyeniambia biashara hii inawezekana." Akanyoosha kidole, na kidole hakikumwelekea yeye, kilielekea kando yake kidogo. "Muulize huyo aliyekushika mkono."

Asmahani hakupata hata nafasi ya kugeuka. Mkono uliokuwa umemshika tangu asubuhi ulikuwa umekwishamwachia.